Waacheni Wakutubi Wakutane

Msomaji, hapana shaka umekwisha kuandika mara nyingi katika daftari lako kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ni methali njema kwa insha. Walimu tumeifundisha, watahini wameitahini, na alama zimetolewa. Lakini nathubutu kusema kuwa ni methali chache zisemwazo sana na kuaminiwa kidogo kama hii. Twaikubali maadamu nywele za jirani zafanana na zetu. Zikiwa za namna nyingine, twamwita kinyozi.

Nataka kulionyesha jambo hili kwa mfano mmoja usio wa mbali. Ni mfano wa mtu akaaye katika chumba cha vitabu cha shule. Dai langu ni fupi. Miongoni mwa wakutubi, kama miongoni mwa watu wa kila kazi, wamo ambao akili zao zimeumbwa kwa namna isiyo ya wengi. Aghalabu hufanya kazi peke yao, tena kwa kujificha. Msaada wa kwanza unaowapasa si dawa, wala huruma, wala hotuba ya mwalimu mkuu, bali ni kukutana wao kwa wao. Anayewazuia, au anayewacheka hata wakaogopa kukutana, anawadhulumu. Nasema habari za Kitale na Bungoma kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu barabara iliyopo baina ya miji hiyo miwili ingetosha kuwaunganisha, lau kuwa tungependa.

Yafaa tuanze na majina, kwa maana jina baya limeharibu watu wengi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore katika nchi ya Marekani, aliandika habari za watoto 11 ambao hawakuingiana na watu kama watoto wengine, waliotaka mambo yabaki kama yalivyokuwa jana, na waliofadhaishwa na mageuzi yasiyotazamiwa. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika habari za watoto waliofanana na hao. Kiswahili chetu huiita hali hiyo usonji. Iko hali nyingine iitwayo disleksia. Mtu mwenye macho mazima na akili timamu hupata taabu kubwa ya kusoma na kuandika kwa kuwa herufi na tarakimu hazimtulii. 6 hutangulia pale ilipopasa 9, na neno alilolijua jana humtazama leo kama mgeni. Tena iko ya tatu, ya mtu ambaye makini yake haifungiki kwa kamba. Huanza kazi saba, huisahau ya nane, kisha hukamatwa na jambo moja hata asisikie kengele ya chakula.

Hali hizi si homa. Haziambukizi, wala haziponi kwa vidonge kama malaria iponavyo. Na hili ndilo nitakalo ulishike kuliko yote: hazimtoki mtu afikapo umri wa miaka 18.

Nchi yetu imefanya kazi ya kusifiwa kwa watoto. Mwaka 1984 Serikali, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Chuo cha Elimu Maalumu, KISE, kilianzishwa mwaka 1986. Chama cha Usonji cha Kenya kikazaliwa mwaka 2003. Lakini tazama vema. Vituo ni vya watoto. Chuo ni cha walimu. Katika chama wanaosikika sana ni wazazi. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 vituo vilipofunguliwa, leo anakaribia miaka 50 au ameivuka. Amekwenda wapi? Hakuyeyuka. Ameajiriwa, ikiwa alibahatika, na baadhi ya walioajiriwa wameajiriwa kukaa na vitabu. Mtahiniwa mwenye taabu ya kusoma huweza kuombewa muda wa ziada katika mtihani wa taifa, nayo ni haki. Lakini akishapokea cheti, twamtaka awe kama wengine tangu asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi, kana kwamba herufi zilimtulia pale alipokabidhiwa karatasi yenye muhuri!

Sasa tumtazame mkutubi wa shule. Wewe humwona akigonga muhuri na kukunyoshea kidole unyamaze, ukadhani kazi yake ni hiyo. Kitabu kifikapo huandikwa katika daftari la mapokezi, hugongwa muhuri, kisha hupewa nambari kwa mpango uliobuniwa na Melvil Dewey, Mmarekani, mwaka 1876. Katika mpango huo lugha ya Kiswahili ni 496.392, na fasihi yake ni 896.392. Fikiri, basi, juu ya mkutubi mwenye disleksia. Tarakimu mbili tu zikibadilishana nafasi, 896 ikawa 869, riwaya ya Kiswahili imekwisha kuvuka bahari, kwa maana 869 ni fasihi ya Kireno. Mwanafunzi aitafutaye haioni. Mwalimu wa Kiswahili hukasirika. Mwisho wa muhula hesabu ya vitabu hufanywa, kitabu huandikwa kuwa kimepotea, na mtu hutakiwa kukilipa. Hakuna aliyeiba, wala aliyefanya uvivu.

Fikiri tena juu ya mkutubi mwenye usonji wakati wa mapumziko. Ana dakika chache. Wanafunzi 40 wamejaa mlangoni, kila mmoja ananyosha mkono, kengele yalia juu ya kichwa chake, viti vyaburutwa sakafuni, na naibu wa mwalimu mkuu ametuma habari kwamba leo chumba hicho kitatumiwa kwa mkutano wa wazazi, kwa hiyo meza zote ziondolewe. Kwa watu wengi hii ni asubuhi yenye shughuli. Kwake yeye kila sauti yaingia kwa nguvu moja, hapana iliyo mbele na iliyo nyuma, na ile habari ya meza imeivunja siku aliyokuwa ameipanga tangu jana. Akinyamaza husemwa ana kiburi. Akipaza sauti husemwa ana wazimu. Akitoka nje kidogo apumue husemwa ameacha kazi.

Hapa yapasa nikatae sifa moja ya uongo. Wako watu wema wasemao kwamba wenye usonji wamezaliwa kuwa wakutubi, ati kwa kuwa hupenda mpango na ukimya. Wengine hupenda, wengine hawapendi. Na maktaba ya shule, kama nilivyokwisha kuonyesha, haina ukimya mwingi. Kusema kuwa mtu fulani yafaa akae na vitabu kwa sababu ya umbo la akili yake ni tusi lililovaa nguo za sifa. Dada yake sifa hiyo ni ile kauli niliyoisikia kwa masikio yangu katika chuo ambacho sitakitaja, mtu mwenye cheo aliposema juu ya mfanya kazi asiyeelewana na wenziwe, "Mpelekeni kwa vitabu, vitabu havilalamiki." Watu walicheka. Kauli hiyo imewavunjia heshima watu wawili kwa mara moja, mfanya kazi na msomaji, kwani imeifanya maktaba kuwa ghala la vitu visivyotakiwa.

Tena kuna upweke. Mwalimu, hata akiwa mbaya, ana wenzake. Ana majilisi yenye chai, na chama cha KNUT tangu mwaka 1957. Mkutubi wa shule ya upili aghalabu ni mmoja tu shuleni. Mwajiri wake ni bodi ya usimamizi wa shule, si Tume ya Utumishi wa Walimu. Walimu humwona kuwa si mwalimu, na wapishi na walinzi humwona kuwa si mwenzao kwa kuwa hukaa na vitabu. Wakutubi wa Kenya wana chama chao tangu mwaka 1973, nacho kimeitetea kazi yao. Lakini hicho ni chama cha kazi, na mambo ninayoyasema hapa hayasemwi katika mkutano mkuu mbele ya waajiri. Na kwa kuwa Katiba ya 2010 imezitia maktaba za umma katika madaraka ya kaunti, mkutubi wa Trans Nzoia na mkutubi wa Bungoma hata bosi wao si mmoja, ijapokuwa nauli kati yao ni ya matatu moja.

Mwaka 1931 mwanachuoni wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alichapisha huko Madras kanuni tano za maktaba zinazofundishwa mpaka leo katika vyuo, na katika Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, ambako masomo ya sayansi ya habari yalianza mwaka 1988, bila shaka zimetahiniwa mara nyingi. Maana yake ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake, wakati wa msomaji usipotezwe, na maktaba ni kiumbe kinachokua. Simlaumu mwanachuoni huyo, alikuwa mtu mkubwa. Lakini hesabu mwenyewe. Msomaji ametajwa, kitabu kimetajwa, hata jengo limepewa uhai, mkutubi hayumo.

Na akitaka kujisoma katika rafu zake mwenyewe, atajikuta wapi? Mpango wa Dewey umeuweka usonji katika 616.85882, ndani ya maradhi, mlango mmoja na kifafa. Mkutubi huyu ndiye abandikaye nambari hiyo mgongoni mwa kitabu.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, kwa sababu nawajua, na baadhi yao ni rafiki zangu.

Wa kwanza husema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, hayakuwako kwetu. Namjibu kwamba jina ni geni, watu si wageni. Kila kijiji kilikuwa na mtu aliyepewa jina la dhihaka, na kila mzee akikaa kimya kidogo ataweza kukutajia wa kijiji chake. Watu wa Bungoma ndio hasa wasiopaswa kusema kwamba habari za kuitwa mwenda wazimu zimeletwa jana. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliipinga serikali ya kikoloni. Nayo mwaka 1945 ikampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Sisemi kwamba Masinde alikuwa na usonji wala hali yoyote niliyoitaja. Na mchezo wa kuwapima marehemu siupendi. Kitale napo watu hupenda kunong'ona hivyo juu ya yule mwanajeshi Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu, akafungua makumbusho yake mwaka 1926, na mali yake ikawa msingi wa jumba la makumbusho lililoko mjini hata leo. Waacheni wafu walale. Nasema tu kwamba jina la wazimu ni rungu, na kwamba mtu aliyekulia chini ya Mlima Elgon, aliyesikia habari hizo kwa babu yake, ana sababu ya kulificha lililomo kichwani mwake. Hofu yake si ujinga. Katiba yenyewe yaijua hofu hiyo, kwani ikieleza ulemavu ni nini, haikutosheka na hali inayomzuia mtu kweli; imetia pia hali ambayo jamii yadhani inamzuia.

Wa pili husema ni uvivu. Huyu simjibu kwa maneno mengi. Mvivu hufurahia uvivu wake. Mtu anayebaki baada ya saa za kazi akiipanga upya rafu ambayo wengine wangeipanga kwa nusu saa, akilia, si mvivu.

Wa tatu ana hoja yenye uzito zaidi. Husema, "Wakianza kukutana peke yao, watajitenga, hali sisi twataka wawe pamoja nasi." Ni maneno mazuri, lakini nashangaa kwamba hatuwaambii hayo watu wengine. Akina mama wa soko la Chwele hukutana katika vyama vyao vya kupokezana fedha, wala hatusemi wamewatoroka waume zao. Wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia hukutana kuzungumza habari za mbolea na bei ya gunia, wala hatusemi wamejitenga na walaji wa ugali. Mtu akiwa siku tano au sita za juma katikati ya watu wasiofanana naye, saa tatu katika mwezi pamoja na wanaofanana naye si kujitenga. Ni kupumua.

Wa nne ndiye mkali kuliko wote, naye hunitupia methali: kipofu hawezi kumwongoza kipofu. Watu wenye taabu moja watafundishana nini? Namkumbusha kwanza kwamba mwaka 1955 Jorge Luis Borges alifanywa mkuu wa Maktaba ya Taifa ya Argentina, naye wakati huo alikuwa amepofuka asiweze kusoma. Akakaa katika cheo hicho hadi 1973. Kipofu huongoza, basi, hata vitabu. Kisha namkumbusha methali iliyo ya haki kuliko yake, ya kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1935 walevi wawili wa Marekani, mmoja wao daktari, waligundua katika mji wa Akron kwamba mlevi husikiliza mlevi mwenzake kuliko amsikilizavyo mhubiri, na kutokana na hayo kikazaliwa chama kilichoenea duniani, Kenya ikiwamo. Hapa petu, tangu mwaka 2007 kuna chama cha USP Kenya, cha watu waliopata kutibiwa maradhi ya akili, ambao huendesha vikundi vyao wenyewe vya kusaidiana. Katika hospitali ya Butabika, Kampala, watu waliowahi kulazwa humo walifundishwa kuwasaidia wale waliolazwa baada yao. Hali za wakutubi ninaowatetea si sawa na ulevi wala maradhi. Nimezitaja kazi hizo kwa sababu njia ni moja.

Wenye usonji wenyewe wametuonyesha. Mwaka 1992 baadhi yao katika Marekani, miongoni mwao Jim Sinclair, walianzisha umoja wao, na mwaka 1996 wakaanza kukutana kambini. Jambo dogo la makambi hayo limenipendeza kuliko hotuba nyingi. Walivaa beji za rangi. Nyekundu ilikuwa na maana, usiseme nami sasa. Manjano, niseme na wale tu niliokwisha kuwajua. Kijani, nataka mazungumzo lakini naona taabu kuyaanza, kwa hiyo anza wewe. Msomaji, ni kamati gani ya watu wa kawaida ingebuni hayo? Sisi tungeandaa semina, tungemwalika mgeni wa heshima, na tungewashurutisha kujitambulisha mmoja mmoja kwa kusimama mbele ya watu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mkutano uwe wao. Mkutubi mwenye disleksia hahitaji kuambiwa na mimi ajitahidi. Amejitahidi maisha yake yote. Anahitaji mwenzake amwambie, "Mimi huzisoma tarakimu kwa sauti, moja moja, kutoka kushoto, wala sizitazami zote pamoja. Mimi hubandika utepe wa rangi mgongoni, buluu kwa 800, manjano kwa 900, hata kosa likitokea jicho hulikamata kabla ya nambari." Mwenye usonji anahitaji kusikia kwamba mwingine aliomba apewe habari ya mageuzi siku moja kabla, kwa maandishi, na akapewa, na maneno aliyoyatumia kuomba ni haya. Asiyeweza kutulia anahitaji mtu wa kumpigia simu saa nne asubuhi amwulize tu, "Ulianza nini? Umekimaliza?" bila kumsuta. Mambo kama hayo hayamo katika kitabu cha Dewey. Yamo katika vichwa vya watu ambao mpaka leo kila mmoja hudhani yu peke yake duniani.

Naona hatari katika mikutano hiyo, nami sitaificha. Siri hutoka. Mji kama Kimilili si mkubwa, na jambo lililosemwa Jumamosi huweza kufika kwa mwajiri Jumatatu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe kwamba lisemwalo ndani lisitoke, na ya pili kwamba hapana mtu atakayetakiwa kuonyesha barua ya daktari ndipo aingie. Wako watu wazima wasiopimwa, na kupimwa kwahitaji fedha na safari. Ajijuaye aingie. Tena chama hicho kisiwe na mlezi. Najua sisi walimu twapenda sana kuwa walezi wa vyama; hili tuliache. Mlezi huleta ajenda, ajenda huleta taarifa, na taarifa huletwa mezani kwa mkuu.

Kuhusu sheria, hapana kizuizi. Kifungu cha 36 cha Katiba kimempa kila mtu uhuru wa kushirikiana na wengine. Kifungu cha 41 kimempa mfanya kazi haki ya masharti ya kazi yanayofaa. Kifungu cha 54 kimesema kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, wala asiitwe kwa namna inayomdunisha. Soma tena maneno hayo ya mwisho, wewe mwanafunzi, kwa maana hapo ndipo wewe unapoingia katika habari hii.

Nani ampaye mkutubi jina? Si bodi, wala si mwalimu mkuu. Ni ninyi. Jina la utani la mkutubi huzaliwa bwenini, huzoewa katika mstari wa chakula, na hufika masikioni mwake kabla ya muhula kwisha. Humwiga atembeavyo. Humwiga arudiavyo neno lile lile. Hubadilisha vitabu mahali pake kwa makusudi ili mwone atafanya nini. Nimefundisha katika shule kabla ya kuja chuoni, na nimeyaona haya, nayo huitwa mzaha. Katika sheria kuu ya nchi yana jina jingine. Na pana jambo wasilolifikiri waigizaji hao, kwamba katika darasa la watu 50 wamo pia wanafunzi wenye akili za namna ile ile, wanaotazama mzaha huo kwa kimya na kujifunza kwamba wakikua, nao wajifiche.

Huenda wewe unayesoma ukawa mmoja wao. Ikiwa ndivyo, sina hotuba kwako. Nenda maktabani wakati ambapo hakuna watu.

Ninyi wengine, nawataka machache yasiyogharimu shilingi. Kitabu ulichokitoa katika rafu usikirudishe mwenyewe kwa kubahatisha. Kiweke juu ya meza, mkutubi atakirudisha mahali pake. Mlangoni simameni mmoja nyuma ya mwingine. Mkitaka kukitumia chumba kwa mdahalo, mpeni habari jana yake, tena kwa karatasi. Yeye akikujibu bila kukutazama usoni, jua kwamba amekujibu.

Yabaki mahali na siku. Kamukuywa iko katika barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale, na njia ya kwenda Kimilili na Chwele yaanzia hapo. Mtu wa Bungoma, wa Webuye, wa Kiminini na wa Kitale, wote hufika kwa matatu asubuhi na kurudi kabla ya mvua ya jioni. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka 2022 yataka watu 10 tu. Ikiwa 10 ni wengi, waanze wawili, bila kuandikishwa popote, chini ya mti au katika chumba cha nyuma cha hoteli ya chai kisicho na redio. Kitakiwacho kwa mwalimu mkuu ni ruhusa ya Jumamosi moja katika mwezi, kwa kuwa shule nyingi za bweni hufungua maktaba siku hiyo, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu wa kukaa na ufunguo mpaka saa tisa. Barua ya kuomba hayo haizidi ukurasa mmoja. Mkutubi akiona taabu kuiandika, mwenzake wa Kamukuywa amekwisha kuiandika ya kwake, naye atamwazima ainakili.